Kutembeza pikipiki polepole bila kuzima wala kudondoka: wanaoanza wafundishwe nini kwanza?

Mdau_Chikongola (Mtwara Mjini)

Kuchele wakuu. Naomba msaada wa wale mnaofundisha watu kuendesha pikipiki. Hapa Mtwara tuna kikundi cha wanaoanza, vijana na kina mama, na tunatumia Boxer ya cc 125. Wakishaingiza gia ya tatu kwenye barabara iliyonyooka wanaenda vizuri tu. Shida iko kwenye mwendo wa kutembea: kutoka getini, kupenya kwenye msongamano wa sokoni, kugeuza. Hapo pikipiki ama inazima, ama inaruka mbele kwa mshtuko, ama mtu anashusha miguu yote miwili na kuiburuza. Wakikata kona kali inalala upande wa ndani.

Kiwanja chetu nusu ni changarawe iliyoshindiliwa, nusu mchanga. Naomba mpangilio wa mazoezi: kipi kitangulie, vipimo vya kupanga vizuizi, na makosa gani nikiyaona niyasahihishe hapo hapo.

---

Mkufunzi_Kusini (Lindi)

Mkuu, karibu yote uliyoyataja yana chanzo kimoja. Mwanafunzi anataka kupunguza mwendo kwa mkono wa kulia. Pikipiki ikiwa chini ya kilomita 10 kwa saa, mkono wa kulia hauongozi mwendo. Mafuta yanabaki palepale, juu kidogo ya sailensi (mngurumo wa injini mafuta yakiwa hayajavutwa), mkono wa kulia umetulia kabisa. Klachi ndiyo inaongeza na kupunguza, na breki ya mguu inashika kwa nyuma. Mtu akifunga mafuta ghafla kwenye gia ya kwanza, injini inavuta nyuma na pikipiki inajikwaa. Akishtuka na kuyafungua tena, inaruka. Akiachia klachi yote huku mafuta yamefungwa, inazima. Ndiyo maana mnaona matatizo tofauti kwa mtu yule yule ndani ya dakika moja.

Anza na injini imezimwa. Mwanafunzi asimame kushoto kwa pikipiki, aegemeze nyonga kwenye kiti, aisukume kama mita 20, aipinde kulia na kushoto, kisha aisimamishe kwa breki ya mbele usukani ukiwa umenyooka. Pikipiki hizi zina kilo kama 110 hadi 125. Atakayeizoea akiwa amesimama pembeni yake hataikumbatia kwa woga akipanda.

Kisha balansi ya klachi. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote, na ndipo wengi tunapopita mbiombio kwa sababu kwa mtazamaji zoezi lenyewe halionyeshi kitu. Mwanafunzi akae, miguu yote chini, injini inanguruma, gia ya kwanza, asivute mafuta. Aachie klachi taratibu mpaka asikie sauti ya injini ikishuka kidogo na pikipiki ikitaka kusogea. Vidole visimame hapo hapo. Ikisogea kiganja kimoja, abane klachi, airudishe nyuma kwa miguu, arudie. Sehemu inayofanya kazi ni fupi, kama sentimita moja au moja na nusu ya mwendo wa mkono wa klachi. Huko kwingine kote mkono unapita bure. Wewe usitazame pikipiki, tazama vidole vyake. Anayefungua vidole vyote kwa mkupuo ndiye atakayezima. Anayeachia mpaka kwenye balansi akatulia, kisha akamalizia, huyo ameshaelewa. Asiendelee na zoezi lingine mpaka aweze kulifanya hilo huku anakutazama usoni, si kuutazama mkono.

Baada ya hapo aongeze mafuta kidogo, atembee nayo mita 20 huku miguu inagusa ardhi, halafu miguu ipande. Kuanzia hapo sheria yangu ni kwamba pikipiki ikishasogea mita moja, miguu iko kwenye vikanyagio, na wa kulia unatangulia kwa sababu ndio wa breki. Kuburuza miguu kusiachwe kuwa mazoea. Miguu ikiwa chini hakuna breki ya nyuma, magoti yameachana na tangi, na kifundo kinaweza kunaswa na kikanyagio kikavunjika.

Miguu ikishapanda, mfundishe kukanyaga breki ya nyuma kidogo huku klachi iko kwenye balansi. Wengi wanashangaa kuambiwa wavute na kushika kwa wakati mmoja. Kamba ya kuanikia nguo ikivutwa huku na huku haiyumbi, ikilegea upande mmoja inabembea; pikipiki ni hivyo hivyo. Injini inavuta mbele, breki inashika nyuma, katikati panatulia. Akitaka kwenda polepole zaidi aongeze breki, asifunge mafuta.

Kipimo cha kuonyesha kama ameiva: Japani mtihani wa leseni ya pikipiki una njia nyembamba iliyoinuliwa, urefu mita 15, upana sentimita 30. Kwa pikipiki ndogo mtahiniwa anatakiwa atumie sekunde 5 au zaidi kuimaliza, kwa zile kubwa kabisa sekunde 10, na akidondoka pembeni amefeli. Chora mistari miwili kwa chokaa au majivu kwa vipimo hivyo hivyo. Hakuna haja ya kuinua chochote. Waanze na sekunde 5, mwishoni wafike 10.

---

FundiWaLigula (Mtwara)

Kabla ya hayo yote, hiyo pikipiki iko sawa? Mwanafunzi anaweza kulaumiwa kumbe mashine ndiyo mbovu.

Angalia waya wa klachi. Ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ukiwa umekazwa mno klachi haishiki yote na pleti zake za ndani zinateleza. Ukilegea mno klachi haiachii yote: gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, pikipiki inatambaa hata mkono ukiwa umebanwa, na kurudi huru (bila gia) inakuwa kazi. Waya wenye nyuzi zilizokatika au uliokauka unaachia kwa kuruka-ruka, na balansi haipatikani hata kwa mzoefu. Mwaga oili nyepesi ndani ya ganda lake mpaka itokee chini. Kama nyuzi zimeanza kukatika, badilisha.

Sailensi: ikiwa chini mno pikipiki inazima kila akigusa balansi. Kwa injini nyingi za aina hii inakaa kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Kwa kuwa Boxer nyingi hazina saa ya mizunguko, pasha injini dakika kadhaa, kisha geuza skrubu ya kwenye kabureta mpaka ingurume sawasawa bila kutetemeka wala kutaka kukata. Usiipandishe kupita hapo kwa kumhurumia mwanafunzi. Pikipiki itamkimbiza.

Cheni nayo ina makosa mengi kuliko watu wanavyodhani. Ikilegea, kila ukigusa mafuta kuna pengo kisha mshtuko, na huo mshtuko ndio unaomtisha anayeanza. Pima katikati ya sehemu ya chini, icheze sentimita 2 hadi 3. Izungushe gurudumu na upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyochakaa inakaza hapa na kulegea pale, na ukiirekebisha kwa kupima mahali pamoja tu utaikaza kupita kiasi kwingine.

Na waya wa mafuta: washa injini, sailensi, kata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Injini ikipandisha resi (mizunguko) yenyewe, waya umebana au umepitishwa vibaya. Mwanafunzi akikata kona na pikipiki kama hiyo itamvutia ukutani.

---

Dogo_Masasi

Mi naona gia ya pili ni laini kuliko ya kwanza, haishtui. Kwa nini wasianzie hapo? Halafu wakuu, kushikilia klachi nusu muda wote si ndiyo kuunguza pleti?

---

FundiWaLigula

Swali zuri dogo. Klachi ya pikipiki hizi iko ndani ya oili ya injini, kwa hiyo kuteleza kidogo kwenye mwendo wa kutembea kunavumilika. Oili inabeba joto. Kinachoiunguza ni resi kubwa klachi ikiwa nusu. Mafuta yakiwa juu kidogo ya sailensi hakuna shida. Gia ya pili ndiyo ingeiumiza zaidi, kwa sababu ili uende mwendo wa kutembea inabidi pleti ziteleze muda mrefu zaidi, na injini inakata kirahisi. Gia ya pili iingie kuanzia kama kilomita 15 kwa saa. Mshtuko wa gia ya kwanza unatibiwa kwa balansi na cheni, siyo kwa kukimbilia gia ya juu.

Ila zingatia mawili. Injini inapozwa na upepo, na kwenye mazoezi haya upepo hakuna. Dakika 20 za mazoezi, 10 za kupumzika injini imezimwa kivulini, hasa jua la Mtwara likishakuwa kali. Mikono ya mwanafunzi nayo inahitaji hilo pumziko. Mkono uliochoka hauwezi balansi. Na oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo. Baadhi ya oili za magari madogo zina viungo vya kupunguza msuguano, na pleti zinateleza hata zikiwa mpya. Dalili za klachi kuchoka ni balansi kuhamia mwishoni kabisa mwa mkono, resi kupanda bila mwendo kuongezeka, na oili kunuka kuungua.

---

Mdau_Chikongola

Nashukuru sana wakuu, kumbe waya wa klachi nao niukague. Mstari ulionyooka nimeelewa. Sasa kona na kugeuza? Hapo ndipo wanapodondoka.

---

DadaMikindani

Kaka, kwenye kona ongeza macho. Pikipiki inakwenda mtu anakotazama, na anayeanza anatazama tairi la mbele au chupa anayoiogopa. Kusema "tazama mbele" hakusaidii, maana anaamini anatazama mbele. Fanya hivi: simama pale anapotakiwa kutokea, nyoosha vidole, ubadilishe idadi, na yeye ataje kwa sauti ni vingapi huku anageuka. Asipotaja, hajatazama. Kidevu kielekee begani, siyo mboni za macho tu.

Vizuizi tumia chupa tupu za maji za lita moja na nusu, weka mchanga robo ili upepo usizibebe. Zikigongwa haziangushi mtu. Mawe na matofali usiyaweke kabisa. Panga chupa tano kwa mstari mmoja, mita 5 kutoka moja hadi nyingine, apite kwa kuyumba kushoto na kulia. Akipita bila kugusa mara kadhaa mfululizo, punguza ziwe mita 4, kisha 3 na nusu. Hapo mafuta hayabadiliki, klachi hiyo hiyo, na breki ya nyuma inabanwa kidogo muda wote.

Kisha duara. Chora la kipenyo cha mita 8, azunguke kushoto kisha kulia, halafu punguza hadi mita 6. Kwenye duara dogo na mwendo mdogo pikipiki inalala ndani lakini mwili unabaki wima, uzito ukihamia kwenye kikanyagio cha nje na makalio yakisogea kidogo upande huo. Anayeanza anafanya kinyume: analala pamoja na pikipiki, uzito unazidi upande wa ndani, inadondoka.

Ikianza kudondoka ndani, watu wanafunga mafuta na kubana breki ya mbele. Hayo mawili ndiyo yanayoidondosha. Nguvu ya injini ndiyo inayoisimamisha pikipiki iliyolala kwenye kona. Achia klachi kidogo au legeza breki ya mguu, inainuka. Breki ya mbele usukani ukiwa umekatwa inalifanya gurudumu lizidi kukunjika, na uzito wote unaangukia upande huo. Kwenye mazoezi ya kona vidole vyote vinne vya mkono wa kulia vishike mpira wa mafuta, kisibaki hata kimoja kwenye breki. Lakini usimjengee woga wa breki ya mbele, tafadhali sana. Barabarani pikipiki ikiwa imenyooka ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma, na itamwokoa. Siku hiyo hiyo mpe zoezi la kusimama kwa breki zote mbili usukani ukiwa sawa, asiondoke kiwanjani na somo nusu.

Jambo lingine ni mikono. Usukani ukikatwa kushoto mpaka mwisho, mkono wa kulia unanyooshwa. Ukikatwa kulia, kiwiko kinakunjwa. Kote kuwili kifundo kinajizungusha na resi inabadilika bila mtu kutaka. Viwiko vilegee, bega la nje lifuate usukani, na kifundo cha kulia kikae chini ya usawa wa vidole tangu mwanzo.

Kugeuza kuwe kulia zaidi, kwa sababu tunaendesha kushoto na barabarani utageuza kulia. Chora mistari miwili, mita 7 na nusu kati yake, kipimo wanachotumia Uingereza kwenye mtihani wa pikipiki. Barabara ya lami ya njia mbili huwa na upana wa kama mita 6 hadi 7, kwa hiyo akishaweza 7 na nusu apunguziwe mpaka 6. Na kabla ya kuukata usukani aangalie nyuma kwa kugeuza shingo, hata kiwanjani ambako hakuna gari. Asipoizoea huku hataikumbuka kule.

Viatu vya kufunika, kofia ngumu yenye mkanda uliofungwa. Kandambili hazifai kwa zoezi hili hata kidogo, mguu hauwezi kupima breki.

---

Mkufunzi_Kusini

Niongeze kwa dada. Waambie mapema kwamba ikishapita kiwango cha kulala, waiachie na waruke pembeni, wasiizuie kwa mguu. Goti la mtu haliwezi kilo 120. Ikilala chini, zima swichi, funga koki ya mafuta. Kuiinua: ikiwa imelalia kulia toa stendi ya pembeni kwanza ili isipitilize upande wa pili, ikiwa imelalia kushoto ingiza gia isijeserereka. Geuza mgongo, makalio yakae kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, usukume kwa mapaja huku unarudi nyuma kwa hatua fupi.

---

Mmakonde_Halisi (Newala)

Wakuu mmeeleza vizuri, ila mdau amesema nusu ya kiwanja ni mchanga. Mazoezi yote hayo yafanyike kwenye changarawe. Mchanga una sheria zake, na nyingine zinapingana na mliyoyasema.

Kwenye mchanga mwingi ukienda polepole sana gurudumu la mbele linazama na kujikunja. Hapo unaingia ukiwa tayari kwenye gia ya pili, usukani umeshikwa kwa ulegevu, makalio yanarudi nyuma ili mbele paelee, na mafuta yanavutwa sawasawa mpaka utoke. Breki ya mbele usiiguse. Ukitaka kupunguza, funga mafuta taratibu, mchanga wenyewe utakusimamisha. Pikipiki ikianza kuchezacheza acha icheze. Anayeulazimisha usukani kunyooka ndiye anayedondoka. Somo hili lije baada ya duara na kugeuza, lisiwe siku moja nalo, maana mwanafunzi atachanganya.

Msimu wa korosho, kuanzia kama Oktoba hadi Desemba, angalia mabibo (matunda ya mkorosho) njiani. Bibo likikanyagwa na tairi linapasuka na kuteleza, na yakiwa mengi chini ya mkorosho hapafai kukata kona wala kufunga breki. Nyoosha, pita, kisha ndiyo ukate. Majani makavu ya mkorosho juu ya mchanga nayo yanaficha mashimo.

Wa Newala na Tandahimba wafundishwe na kupanda. Kuondoka kwenye mlima: breki ya mguu inashika pikipiki, mguu wa kushoto uko chini, mafuta yanavutwa kidogo zaidi ya tambarare, klachi inaachiwa mpaka balansi. Usikie nyuma panainama kidogo na injini inaelemewa, ndipo uachie breki. Asiyesubiri hapo anarudi nyuma. Kushuka, kama mtelemko wa kuteremka kutoka Newala kwenda Masasi, gia ya chini na breki zote mbili kwa kugusa na kuachia. Asizime injini wala kuweka huru ili kuokoa mafuta. Breki zinapata joto na hakuna injini ya kumshikilia.

---

Mdau_Chikongola

Nimenakili yote. Swali la mwisho: abiria waanze kumbeba lini, na je, mafunzo yakifanyika kiwanjani wanahitaji leseni ya kujifunzia?

---

Mkufunzi_Kusini

Leseni ya kujifunzia waipate kabla ya kutia gurudumu barabarani, hata barabara ya mtaani. Iwapo wanataka cheti cha mafunzo, ulizeni chuo cha ufundi cha VETA Mtwara, au Lindi kwa walio huku.

Abiria: mpaka mwanafunzi amalize ile njia ya sentimita 30 kwa sekunde 8 au zaidi, ageuze kulia ndani ya mita 6 bila kushusha mguu, na aondoke mlimani bila kurudi nyuma. Abiria wa kwanza uwe wewe au mzoefu mwingine, siyo mwanafunzi mwenzake. Kabla hajapanda, ongezeni upepo tairi la nyuma kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki kwa watu wawili. Abiria apande kutoka kushoto, dereva akiwa ameshika breki na miguu yote chini, na ashike kiuno au chuma cha nyuma, siyo mabega ya dereva. Uzito ukiwa nyuma, mbele panakuwa pepesi na balansi inahitaji mafuta zaidi kidogo, kwa hiyo mrudishe mwanzo kabisa: mstari ulionyooka mita 20, kisha duara la mita 8. Mizigo ya magunia ni somo jingine, liacheni kwanza.